Mama Anaomba Radhi kwa Kuzaliwa

Koboko
12 Februari 2024

Wifi yangu mpendwa Pasca,

Salamu nyingi kutoka kwa mke mpya wa mdogo wako! Hata sasa nikiandika neno "mke" mkono unacheka wenyewe. Ndoa yetu ina wiki mbili tu na tayari nimesahau maisha yalikuwaje kabla ya Celestino. Asubuhi anapanda pikipiki kwenda Oraba kuhangaikia makaratasi ya malori ya mpakani, na mimi nasimama mlangoni mpaka vumbi lake litulie. Jioni anarudi ananuka dizeli na jua, mfukoni ameficha vitonge vitamu vya simsim, yaani ufuta, alivyonunua kwa wanawake wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, na ananiambia nifumbe macho. Wifi, mwanamume wa namna hii mlimlea vipi, wewe na Mama? Ahsanteni, ahsanteni, ahsanteni.

Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani. Celestino akipiga inaita, mimi nikipiga kimya. Nadhani ni mtandao. Romano, dereva wa gari la Arua, amekubali kubeba barua zangu. Naandika Kiswahili maana Kikakwa cha baba yangu hukisikii, na Kilugbara chenu mimi nakisikia kwa kubahatisha.

Nataka Mama aje kwetu Pasaka. Na sasa nikuambie siri. Siku ya harusi, tulipokwenda kumpigia magoti, nilimnong'oneza kwamba Mungu akitupa msichana tutamwita Candiru, kama yeye. Wifi, alilia! Alinishika mikono yote miwili, machozi yakamtoka mpaka kitambaa chake kikalowa. Sijawahi kuona mama mkwe mwenye furaha kama ile.

Mwambie nampenda. Na wewe pia.

Ni mimi,
Jovia wa Celestino


Awindiri, Arua
19 Februari 2024

Kwa Jovia,

Si mtandao. Nimekufungia namba. Nilidhani utaelewa, kumbe mtu anaweza kumaliza sekondari yote na bado akahitaji kuandikiwa.

Usinichoree mioyo pembeni ya karatasi, mimi si mchumba wako. Na habari za mdogo wangu anavyonuka jioni kaa nazo huko. Nilimbeba mgongoni yule. Najua anavyonuka.

Mama haji Pasaka. Tangu siku ya harusi yenu Mama hali. Anakaa mlangoni pa jikoni, sahani magotini, anaitazama, halafu anawamwagia kuku. Nikimuuliza anasema chakula hicho ni cha mtu mwingine. Mchana kutwa anawaomba radhi wapita njia. Muuza maji, anaombwa radhi. Mtoto wa shule, anaombwa radhi. Juzi nimemkuta anamwomba radhi mbuzi. Mwanamke aliyepita miaka sabini, aliyemzika mume bila kuyumba, aliyelima Ajia kwa mikono yake hadi mwaka juzi nilipomleta kwangu, anasimama mbele ya mbuzi na kusema, "Unisamehe."

Nilikuwa najiuliza ni mdudu gani alimuuma siku ile. Sasa umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako. Alilia kwa furaha! Mjinga wewe. Muulize mumeo Candiru ni nini. Ukishafumba macho vizuri, akuambie.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Siku anapotolewa nje, wanawake wa boma la baba wanasimama mlangoni, wanatazama amezaliwa katika nini, wanalisema hilo hilo. Kama mama yake ni mlevi, wanalisema. Kama nyumba ina kifo, wanalisema. Mama yangu alizaliwa katika mateso. Candiru ndiyo hayo. Ameyabeba mpaka ameota mvi, na siku alipofikiri anacheza harusi ya mwanae wa mwisho, wewe ukampigia magoti ukamwambia yataanza upya.

Usiniandikie tena.

Pasca


Koboko
26 Februari 2024

Wifi Pasca,

Nimelia hadi Celestino akanifuta kwa shati lake jeupe la kazini, na wanja wangu haujatoka humo mpaka leo. Nilimuuliza kama ulivyoniamuru. Akasema, "Ni mateso. Lakini ni jina tu," kisha akaenda kuoga na akakaa bafuni mpaka ndoo ikaisha maji.

Mama yangu mzazi ni wa ng'ambo, upande wa Congo. Kwao bibi akipewa mjukuu wa jina lake anapika, anacheza, anawaita majirani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Nilikosea kwa mapenzi. Wewe unanichukia kwa makusudi, na sijui ni kosa lipi kubwa zaidi.

Na mimi nina swali. Mwezi mzima umemwona Mama hali, anamwomba radhi mbuzi. Umempeleka wapi? Kwa daktari gani? Au umekaa unanitafutia matusi?

Nakuja Jumamosi. Usipofungua geti nitasimama hapo nje niimbe nyimbo zote za harusi yangu mpaka Awindiri nzima itoke. Unajua nitafanya.

Jovia, mke wa mdogo wako, upende usipende


Awindiri, Arua
4 Machi 2024

Kwa mwizi wa mama za watu,

Nilifungua geti kwa sababu uliimba kweli, na unaimba vibaya.

Nikakupa kiti. Nikakupa chai. Ukanitazama usoni ukasema, "Nampeleka Mama sokoni achague kitenge." Kitenge! Mkarudi baada ya saa nyingi bila hata uzi, Mama kashika bahasha ya vidonge, na wewe unang'aa kama uliyetoka kupokea zawadi. Ulimpeleka kwa yule muuguzi, sista Harriet, kwenye zahanati ya wenye matatizo ya akili, ukapanga naye foleni ya wazi ambapo nusu ya wateja wangu wanapita.

Unajua mwanangu Mercy analetewa wageni wa posa mwezi wa sita? Jana tu shangazi wa yule kijana alikuja kwenye cherehani yangu kushonewa zipu, akauliza kwa sauti tamu, "Hivi mama yenu alianza lini?" Alianza lini! Na sista wako naye, Mama ameniambia, swali lake lilikuwa alizaliwaje. Mtu wa miaka hiyo anaulizwa alizaliwaje! Mimi niliyetoka tumboni mwake sijawahi kumuuliza. Sasa mtaani wanasema nyumba yetu ina wazimu wa kuzaliwa nao. Ahsante sana, bibi harusi.

Sikia basi. Jumatatu ijayo nampeleka Mama kwenye kambi ya maombi ya mchungaji Severino. Anapokea watu wa aina hiyo na anakaa nao mpaka kitu hicho kiwatoke. Tumeshapatana. Hutamwona huko na hutamwiba kwa kitenge.

Pasca


Koboko
6 Machi 2024

Pasca,

Sikuiti wifi leo.

Kila mtu kutoka hapa hadi Arua anajua kwa Severino kukoje. Mgonjwa anafungwa mguu kwenye gogo, na akilia njaa anaambiwa ni mfungo. Huko ndiko unakompeleka mwanamke ambaye tayari anadhani hastahili kula?

Kwa kuwa hujawahi kumuuliza, nitakuambia alichosema. Alisema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, akiangalia sakafu.

Mwaka aliozaliwa, mvua ilikataa Ajia. Mama yake, mwenye mimba ya miezi saba, alitoka na wanawake wenzake kwa miguu kwenda upande wa Congo kutafuta muhogo. Uchungu ukamkuta njiani. Akamzaa majanini, kadogo kama panya, wakarudi naye wamemfunga kifuani asipoe. Kabla ya siku ya kutolewa nje, mama akafa. Kwa hiyo wanawake wa boma walisimama mlangoni kama ulivyoniandikia, kichanga mikononi, maiti ndani, na wakasema walichokiona. Bibi yake akamlisha uji wa mtama kwa kidole. Na alipoanza kuelewa maneno, akichelewa na maji, akivunja kibuyu, waliambiana mbele yake, "Muache huyo. Alimla mama yake." Mpaka anaolewa. Pasca, Mama alimwambia sista hivi, nimeyashika kama alivyoyatamka: "Mimi nakuja, yeye nakwenda. Mimi iko na makosa ya kuja."

Sista hakushtuka. Alisema hii si laana wala si wazimu wa ukoo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, njaa imemkuta tumboni, mama hayupo, na kila siku anaambiwa kosa ni lake, anaweza kuishi miaka mingi vizuri akiwa na kazi na watu. Halafu uzee unakuja, mume anakufa, jembe linaondoka mkononi, na lile la zamani linapata nafasi ya kukaa. Si kwa wote, alisema. Lakini huwapata wengi kuliko tunavyodhani, na lina matibabu. Vidonge, chakula, mtu wa kuongea naye, na asifungiwe peke yake. Mimi nililigusa lile la zamani kwa mdomo wangu. Nimekubali. Nitalibeba.

Lakini wewe utabeba nini? Sista alipofunua mkono wa Mama apime presha, tuliona kifundo chake. Kina alama ya kamba pande zote, ngozi imechubuka. Nilinyamaza mbele za watu kwa ajili ya heshima yako. Sasa nauliza: unamfunga Mama?

Mlete kwetu. Celestino amekubali. Amekubali kwa kunyamaza, lakini wewe unamjua, kwake ndiyo namna ya kukubali.

Jovia


Awindiri, Arua
8 Machi 2024

Jovia,

Umemaliza? Sasa kaa chini.

Si kamba. Ni ukanda wa kitambaa cha sare za shule, bluu, nimeushona mara mbili usikatike. Mimi ni fundi, nakaa barazani na cherehani kuanzia asubuhi, na cherehani ya kukanyaga ikishika kasi sisikii mtu akipita nyuma yangu. Mama anajua hivyo. Anasubiri nishone mshono mrefu, anainuka. Kwa hiyo upande mmoja wa ukanda uko mkononi kwake na upande mwingine uko kiunoni kwangu. Akivuta, nasimamisha mashine, namrudisha, nakaa tena. Ukanda umemchubua kwa sababu anavuta sana. Kiuno changu nacho kina alama hiyo hiyo, ila mimi hakuna aliyenifunua apime presha.

Unataka kujua anakwenda wapi? Anavuka barabara kwa jirani yetu Concy. Concy alijifungua mwezi uliopita. Mara ya kwanza Mama aliingia bila hodi, akasimama juu ya kitoto akakiambia, "Umemla mama yako." Concy amekaa pale pale na kikombe cha chai! Walicheka. Mara ya pili hawakucheka. Mara ya tatu kaka zake Concy walinifuata barazani na fimbo, wakasema mzee wangu ni mchawi, anamtakia dada yao kifo, na wakimwona tena mlangoni kwao watamchoma moto. Hayo waliyasema mchana, watu wakisikia, na hakuna jirani aliyefungua mdomo.

Natafuta mahali penye ukuta. Severino ana ukuta. Najua yote kuhusu gogo. Unadhani sijui? Sikukuambia haya kwa sababu wewe kila ukijuacho unakiimba.

Na Mama hakuniambia mimi alivyozaliwa. Miaka yote hii nimekula naye sahani moja. Alikuambia wewe, kwenye benchi la zahanati, mbele ya mtu mgeni. Usifikiri sikusoma mstari huo mara nyingi.

Sasa unasema mlete. Celestino alimwambia Mercy, na Mercy hana kifuniko: una mimba. Mioyo yote ile uliyonichorea na hilo ukalificha. Unajua Mama atafanya nini siku utakapojifungua? Atasimama mlangoni pako, amwambie mtoto wako kwamba amekuua. Kutwa nzima. Wewe umelala hapo na damu yako, peke yako, mume Oraba. Utaimba?

Nijibu kabla ya Jumatatu. Usinijibu kwa mapenzi. Jibu kama mtu mzima.

Pasca


Koboko
9 Machi 2024

Wifi,

Ndiyo, nina mimba. Nilikuficha kwa sababu uliponiandikia habari ya wanawake kusimama mlangoni, nilijua mmojawapo ni wewe.

Naogopa. Barua yako niliisoma chooni ili Celestino asiuone uso wangu. Nimefikiri kama mtu mzima, na jibu ni lile lile. Mlete. Akimwambia mtoto wangu kwamba amemla mama yake, mtoto hawezi kujibu, lakini mimi naweza. Mama alipozaliwa, hakuwepo mtu wa kujibu.

Kuhusu ukanda, nilikudhania vibaya. Sema kiuno kinataka mafuta gani, nitampa Romano.

Jovia


Awindiri, Arua
10 Machi 2024

Jovia,

Mama yuko kiti cha mbele cha Romano. Nimelipia viti viwili ili asikae na mtu anayenyonyesha.

Vidonge viko kwenye sanduku dogo, ndani ya sweta. Hapendi tangawizi kwenye chai. Usimwite mtamu wala asali wala yale unayomwita mdogo wangu. Mpe jembe, hata kama huna shamba, apate kushika.

Sikukubali. Nimechoka tu. Namba yako bado imefungwa.

Pasca


Koboko
15 Julai 2024

Wifi Pasca,

Hukujibu barua zangu nne. Romano anasema unazipokea, unaziweka chini ya mto wa kiti cha cherehani, na unakalia. Basi kalia na hii.

Nyuma ya nyumba kuna kipande kidogo cha ardhi, mwenye nyumba alikuwa anatupa matofali pale. Mama ameyaondoa yote. Amepanda karanga na kunde, na asubuhi namsikia anaongea nazo kabla sijaamka. Anakula, si kila siku. Kila mwezi tunakwenda kwa sista, na mwezi wa tano alimwambia mambo marefu kwa Kilugbara, akatoka amechoka kama aliyelima. Kuna siku nzuri ananisema kwamba natwanga kama mtu anayeogopa kinu. Kuna siku anarudi kule, anawaomba radhi hata wateja wa duka la jirani.

Tumbo langu halitazami. Nikiingia mlango huu, anatoka kwa ule. Linavyokua, ndivyo anavyokaa mbali zaidi.

Nitakuambia na hili kwa kuwa sina mwingine wa kumfurahisha nalo: Celestino anachelewa sana Oraba. Anasema malori ni mengi. Mimi nasema anayaogopa macho ya mama yake. Anaporudi amechoka, ananishika mkono gizani bila neno, na bado nampenda mpaka naona aibu, wifi, bado nikisikia pikipiki moyo unaruka kama wa mwanafunzi. Lakini mchana ni mimi na Mama. Unaweza kucheka.

Hongera kwa Mercy. Nimesikia ng'ombe walikuwa wazuri. Hukutualika, tumesikia hilo pia.

Jovia


Koboko
23 Oktoba 2024

Pasca,

Jana mchana nimejifungua msichana. Ametimiza miezi yake, mzito, analia kama tarumbeta. Mimi niko hai. Andika hilo mahali: niko hai.

Mama ndiye sababu ya barua hii. Tangu waliponirudisha nyumbani anasimama mlangoni pa chumba. Haingii. Kama ulivyosema, alimwambia mtoto maneno yale. Nikamjibu kwa sauti, "Mimi iko hapa, Mama." Akanitazama kama watu wanavyotazama picha ya marehemu. Baada ya muda kidogo akarudi: "Wewe iko?" Nikasema, "Mimi iko." Akaondoka, akarudi. Nimemjibu mpaka koo limekauka. Nimepiga makofi, nimekohoa, nimekula mbele yake bakuli zima la uji. Haniamini. Yeye kwa upande wake hajala chochote tangu jana, na vidonge amevitema. Celestino amekaa uani ameshika kichwa. Sista anakuja Ijumaa, lakini sijui kama Mama atasimama mpaka Ijumaa. Anatetemeka.

Nikamuuliza anataka nini. Akasema anangoja wanawake waje kusema jina, kisha maiti itolewe. Maiti ni mimi, Pasca. Nimekaa hapa nanyonyesha na ananingojea nitolewe.

Siku ya nne, yaani Ijumaa hiyo hiyo, mtoto anatolewa nje. Sisi tunalo jina la ubatizo, Victoria, lakini Mama halisikii, kwake hilo ni kelele. Jina linatakiwa litoke kwa mwanamke wa boma la Ajia. Aliyebaki ni wewe. Njoo. Njoo na mdomo wako mbaya. Nitukane mlangoni mbele ya Koboko yote, nitakubali. Ila usilete jina la kifo.

Jovia


Awindiri, Arua
24 Oktoba 2024

Jovia,

Siji. Nikija nitakupiga kofi, halafu nitalia, na yote mawili sitaki uyaone.

Lakini jina ni haki yangu, na umeniomba mwenyewe, usije ukalalamika baadaye. Nimekaa na jambo hili tangu Romano aliponipa barua. Sare za watoto wa watu zimelala hapa hazina mikono. Nimetazama huyu mtoto amezaliwa katika nini. Mvua haikukataa. Njaa haipo. Kifo hakipo. Nikatafuta ubaya uliopo katika nyumba hiyo, nikaukuta umekaa kitandani unanyonyesha.

Amezaliwa na mwanamke aliyemwiba mama yangu kwa kisingizio cha kitenge. Anayeimba getini kwa watu. Asiyemwogopa wifi yake mkubwa, anayeambiwa usiandike na anaandika. Mtoto anaitwa Inzikuru. Ni kusema, hapa hakuna heshima.

Na asitokee mtu wa kusema ni mtoto. Mtoto hajamkosea yeyote. Ni wewe. Kila atakapoitwa, shuleni, kisimani, kanisani, wewe ndiye utakayekuwa unatukanwa, mpaka uzeeke kama Mama. Wanawake wale wa zamani walisema walichokiona, na mimi nimesema ninachokiona, na ninachokiona ni mwanamke mzima mwenye kiburi.

Celestino amsomee Mama kwa Kilugbara, akiwa wima, sauti itoke. Mwambie nimesema atoke uani. Malori ya Oraba hayajawahi kumzaa mtu.

Pasca


Koboko
26 Oktoba 2024

Wifi Pasca,

Sitakudanganya: leo asubuhi Mama amemwomba radhi muuza maziwa, na vidonge alivimeza baada ya kubishana na sista muda mrefu. Sista anasema tusitegemee siku moja imalize kazi ya miaka yote ile. Nakuambia hilo kwanza ili usije ukajisifu.

Jana Celestino alisimama. Alivaa lile shati, na alikuwa mzuri, wifi, niache niseme, alikuwa mzuri kama siku ya kanisani. Majirani walijaa uani. Alisoma barua yako yote, hata kofi. Wanaosikia Kilugbara walianza kucheka, na mimi nikajua Celestino amefika kwenye kitenge.

Mama hakucheka. Alimuuliza kitu kifupi. Celestino akaninyooshea kidole kupitia mlangoni: huyo.

Akaingia. Ndiyo mara ya kwanza. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya udongo wa karanga mikononi mwake, akaniinamia.

"Wewe hapana na heshima?"

"Ndiyo, Mama. Mimi."

"Kwa nani?"

"Kwa Pasca. Na kwa wewe. Mimi nadanganya kitenge."

Halafu macho yake yakashuka kwenye miguu yangu iliyokuwa nje ya shuka, na, Pasca, alinikasirikia. Alinikasirikia kama mama mkwe anavyomkasirikia mke wa mwanae. "Funika mguu! Watu iko nje, wewe nalala namna hii? Nani nafundisha wewe?" Akanifunika mwenyewe, akaukaza upande wa shuka chini ya godoro kwa nguvu mpaka nikashindwa kugeuka. Akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kuomba.

Akatoka naye nje kwenye jua. Nililala pale nimebanwa na shuka, nikamsikia anapita kwa jirani mmoja mmoja, akimwonyesha mtoto, akilitaja jina, na akiwaeleza kwa Kiswahili ili asiwepo wa kukosa, kwamba huyu ni Inzikuru, mama yake yuko ndani, hana heshima hata kidogo, nendeni mkamwone.

Ni mimi,
Jovia